Ndege ya Kitale kwenda Bungoma: dakika 5 za uongo

Najua blogu imelala wiki kadhaa, na wachache wenu mmeniandikia kuuliza kama nimehama. Sijahama. Nilikuwa nyumbani Malakisi kwenye mazishi, na nimerudi na jambo lililonikaa kooni. Kwa hiyo leo hakuna somo la programu wala uchambuzi wa simu mpya. Leo nagombana na watu wa fani yangu, na mimi mwenyewe nimo.

Kwa wasiozijua sehemu hizi: Kitale ni makao makuu ya Kaunti ya Trans Nzoia. Bungoma ni mji mkuu wa kaunti jirani yenye jina hilo hilo. Malakisi ni mji mdogo ndani ya Bungoma, upande wa magharibi karibu na mpaka wa Uganda, mji wa pamba na tumbaku. Ukisimama kwetu unauona Mlima Elgon vizuri tu, mawingu yakikubali.

Tulikuwa tunamzika kukhu, yaani nyanya yetu. Mazishi yalikuwa Jumamosi, na mwili ulipangiwa kushushwa kaburini saa saba mchana. Binamu yangu mmoja, aliyekulia Uingereza tangu akiwa mtoto wa miaka mitatu, alifika Ijumaa jioni akalala Kitale nyumbani kwa shangazi. Shangazi mwenyewe alikuwa ametangulia Malakisi tangu Jumatano kusaidia upishi, na nyumba ilikuwa na kijana wa ng'ombe tu. Tulimwambia binamu kwa simu apande matatu alfajiri. Akajibu tusiwe na wasiwasi, amepata njia ya haraka zaidi. Tukadhani amepata gari la rafiki.

Jumamosi saa tatu asubuhi simu yangu ikalia.

"Kaka, niko hapa uwanja wa ndege Kitale. Kaunta ya ndege ya Bungoma iko wapi?"

Nilicheka. Nilidhani ananitania.

"Ndege gani tena, ndugu yangu?"

"Ya Bungoma. Mtandao unasema ni dakika 5. Tiketi hazikupatikana mtandaoni, nikafikiri zinauzwa hapa hapa."

Hakuwa anatania. Alikuwa ameuliza mtandao uwanja wa ndege ulio karibu na Malakisi, akapewa ukurasa safi wenye ramani, mstari mwekundu uliopinda kidogo, picha ya ndege kubwa ya abiria, na maneno haya: kutoka Kitale hadi Bungoma, umbali kilomita 70, muda wa ndege dakika 5. Chini yake kulikuwa na kitufe cha kutafuta tiketi. Kutoka Bungoma hadi Malakisi, ukurasa ulisema, ni kilomita 20 tu. Kwa hesabu hiyo angeamka bila haraka, anywe chai, na saa nne awe ameshaketi hemani kwetu.

Wadau, hakuna ndege ya abiria yenye ratiba kati ya Kitale na Bungoma. Haijachelewa, haijaahirishwa, haijajaa. Haipo.

Alirudi mjini kwa boda boda, akapoteza saa nzima steji akingoja matatu ijae, kisha akapita Kiminini, Kamukuywa, Kimilili, Chwele na Sirisia akibadilisha magari, na kipande cha mwisho akakikuta kimenyeshewa mvua. Alifika saa kumi kasoro. Watu walikuwa wanakula. Kaburi lilikuwa limeshafunikwa, maua yamewekwa juu. Alisimama pale na sanduku lake la magurudumu yaliyojaa tope, halafu akaniuliza swali moja kwa upole: "Kwani wewe si ndiye mtu wa tarakilishi? Hivi vitu vinaandikwa na nani?"

Hilo ndilo swali linalonikaa kooni. Maana jibu ni kwamba vinaandikwa na watu kama mimi.

Mwaka wangu wa kwanza wa kazi baada ya chuo, nilipewa na mteja mmoja kazi ya kutengeneza tovuti ya aina hii hii. Si ile iliyomdanganya binamu, lakini ni pacha wake. Nilimaliza siku tatu, nikalipwa, nikajiona fundi. Kwa hiyo acheni niwafungulie boneti muone injini yake. Ni aibu jinsi ilivyo ndogo.

Unachukua orodha ya viwanja vya ndege au miji, kila kimoja na latitudo na longitudo yake. Kitale ni kama 1.02 kaskazini, 35.00 mashariki. Bungoma ni kama 0.57 kaskazini, 34.56 mashariki. Kisha unatumia fomula ya havasaini, ambayo hupima umbali mfupi kabisa juu ya uso wa tufe. Ni fomula ya zamani ya mabaharia, na watengenezaji programu wengi waliifahamu kupitia makala ya R. W. Sinnott ya mwaka 1984 katika jarida la Sky & Telescope. Sina ugomvi nayo. Ni hesabu nzuri.

Tena sisi wa karibu na ikweta tuna bahati: digrii moja ya latitudo na digrii moja ya longitudo zinakaribia kulingana, kila moja kama kilomita 111. Kwa umbali mdogo hivi, Pythagoras wa shule ya msingi anatosha. Tofauti ya latitudo ni 0.45, kama kilomita 50. Tofauti ya longitudo ni 0.44, kama kilomita 49. Jumlisha miraba, tafuta kipeo, unapata kilomita 70. Mpaka hapo hakuna uongo wowote.

Uongo unaingia kwenye mstari unaofuata:

muda = umbali / 800

Basi. Hiyo ndiyo "ndege" yote. Kilomita 800 kwa saa ni kasi ya ndege kubwa ya jeti ikiwa imeshapanda juu kabisa angani. 70 gawanya kwa 800, zidisha kwa 60, unapata dakika 5 na ushei. Mimi niliandika mstari huo huo. Sikuuliza kama ndege ipo, wala kama uwanja upo.

Hebu tuutazame mstari huo kwa makini, kwa sababu una makosa yaliyopandana kama abiria wa matatu siku ya soko.

Kwanza, ndege hairuki kwa kasi ya kilomita 800 kutoka mlangoni. Inajikokota hadi mwanzo wa njia ya kurukia, inapaa, inapanda, inashuka, inajipanga na uwanja, inatua, inajikokota tena. Safari ikiwa fupi, karibu yote ni hayo. Chukua Nairobi na Kisumu, njia yenye ndege za kweli kila siku: mstari ulionyooka ni kama kilomita 280. Fomula yetu inasema dakika 21. Ratiba za mashirika husema kama dakika 50. Zaidi ya maradufu! Na hiyo ni njia ambayo ndege zake zipo.

Pili, ndege ya kilomita 800 kwa saa haina shughuli na viwanja vidogo kama hivi. Anayetua huko hutumia ndege ndogo, tuseme Cessna Caravan, ambayo mwendo wake wa safari ni kama kilomita 340 kwa saa. Hata ukiisamehe kupanda na kushuka kote, kilomita 70 ni dakika 12. Weka kupaa na kutua, uko dakika 20 na zaidi.

Tatu, uwanja wenyewe uko wapi? Kitale una uwanja wa kweli, wenye alama za kimataifa KTL na HKKT (hiyo HK ya mwanzo ni Kenya, kama HU ilivyo Uganda na HT Tanzania). Lakini alama ni jina tu, si ratiba. Mtoto kupewa jina hakumaanishi ameanza kutembea. Na Bungoma? Uwanja mdogo unaotajwa zaidi katika kaunti ile ni Matulo, nao uko upande wa Webuye, mashariki ya mji wa Bungoma. Ukurasa ule uliweka pini katikati ya mji. Yaani rubani wa mawazo ya kompyuta anatua sokoni, kati ya vibanda vya nyanya na mitumba!

Nne, mstari ulionyooka haupandwi na mtu. Kutoka Kitale hadi Malakisi kwa mstari ni kama kilomita 75, na mstari huo unapita miteremko ya kusini ya Mlima Elgon, upande wa Kapsokwony. Mlima huo una urefu wa mita 4,321, na barabara zinauheshimu hata kama fomula haiuheshimu. Kitale hadi Bungoma kwa barabara kupitia Webuye ni karibu kilomita 90. Juu ya hizo kuna steji, mvua, matuta, na dereva anayesimama kila penye mkono ulionyooshwa. Hizo ndizo data ambazo binamu yangu alizihitaji.

Najua mtu atasema, ah, safari za ndege za dakika chache zipo duniani. Zipo kweli. Kaskazini mwa Scotland, katika visiwa vya Orkney, shirika la Loganair linarusha ndege kati ya Westray na Papa Westray tangu mwaka 1967. Umbali wake ni kama kilomita 2.7, na ndiyo safari fupi kuliko zote za ratiba duniani. Ratiba inasema dakika 2. Rekodi yao ya haraka ni sekunde 53. Sasa ipeleke kwenye fomula yetu: 2.7 gawanya kwa 800 ni sekunde 12! Hata kwa safari fupi maarufu kuliko zote, fomula inakosea mara kumi ukiifananisha na ratiba. Na watu wa Orkney wanajua dakika zao si kwa sababu ya havasaini. Wanazijua kwa sababu kuna bahari katikati, kuna rubani, kuna ndege ndogo, na kuna mtu aliyekaa akaandika ratiba.

Basi kwa nini kurasa hizi zipo? Hesabu rahisi tena. Ukiwa na majina ya mahali 10,000, jozi unazoweza kuunda ni 49,995,000. Karibu kurasa milioni 50 kutoka jedwali moja na fomula moja, bila mwandishi hata mmoja kulipwa. Kila ukurasa una matangazo. Asilimia ndogo sana ya kurasa hizo ikitembelewa na mtu mmoja kwa mwezi, seva imejilipia. Mwenye tovuti hana haja ya kuijua Malakisi. Kwake Malakisi ni safu moja katika hifadhidata, jina la kujaza mahali palipoachwa wazi kwenye sentensi iliyoandikwa mara moja.

Wala madhara hayasambai sawasawa. Mtu akitafuta London hadi Paris, kurasa za ratiba za kweli zitazifunika hizi za uongo, hatazigusa. Lakini mtu akitafuta Kitale hadi Bungoma, au Malakisi na popote, hakuna kingine. Palipokosekana mtu wa kuandika ukweli, uongo unakaa kiti cha mbele. Na siku hizi programu za akili mnemba zinajifunza kutokana na kurasa hizo hizo. Kesho binamu mwingine atauliza programu hizo badala ya injini ya utafutaji, naye atajibiwa kwa sauti tamu zaidi kwamba ni dakika 5.

Nimeshayasikia majibu ya wenzangu, maana nimewahi kuyatoa mwenyewe.

"Ni makadirio tu." Hapana. Makadirio ni ya kitu kilichopo. Naweza kukadiria uzito wa ng'ombe wako, siwezi kukadiria uzito wa ng'ombe ambaye huna. Muda wa safari isiyokuwepo haukadiriki, hata uweke desimali ngapi.

"Chini kabisa tumeandika kwamba ni kwa taarifa tu." Kwa maandishi madogo ya kijivu, chini ya matangazo matatu! Juu umeweka picha ya ndege na kitufe cha tiketi. Kama unaamini onyo lako, liweke mahali pa ile namba kubwa.

"Mtu mwenye akili angejua." Binamu yangu ana akili kuliko mimi. Kilichomponza si ujinga, ni imani. Amekulia mahali ambapo tovuti ikisema treni ipo saa mbili na dakika 14, treni ipo. Mgeni ndiye anayehitaji taarifa. Mwenyeji hauzi swali kwa mtandao, anauliza makanga. Sasa ukitengeneza kitu kinachofaa kwa wasiokihitaji na kinachowapoteza wanaokihitaji, umetengeneza nini?

"Mteja ndiye aliyetaka." Hili ndilo lililokuwa langu. Ni kweli mteja alitaka kurasa. Lakini hakuniambia niandike 800. Hiyo niliichagua mimi, saa nne usiku, ili nimalize.

Katika shahada ya sayansi ya kompyuta tulifundishwa mapema sana kwamba sifuri na tupu ni vitu viwili. Sifuri ni jibu. Tupu ni kukiri kwamba jibu halipo. Tulipata alama kwenye mtihani kwa kulijua hilo, kisha tukaingia kazini tukalisahau, kwa sababu ukurasa wenye tupu hauvutii matangazo. Mimi nasema ustadi wa programu uanzie hapo hapo: inaweza kusema "hakuna"? Kama haiwezi, haijakamilika, hata iwe nzuri namna gani usoni.

Wala siombi miujiza. Naomba mambo matatu. Moja: kabla ya kuonyesha muda wa ndege, angalia kama kuna ratiba kati ya viwanja viwili hivyo. Kama haipo, andika kwa herufi kubwa kwamba hakuna ndege, na futa kitufe cha tiketi. Mbili: umbali wa mstari uite kwa jina lake, umbali wa mstari, na usiugeuze kuwa muda. Tatu: kama huna data za barabara, sema hivyo, au nenda ukazichukue.

Na kuzichukua kunawezekana. Nairobi, mradi wa Digital Matatus uliwatuma wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi kupanda matatu wakiwa na simu mkononi, wakarekodi njia na vituo, wakishirikiana na watafiti wa MIT na Columbia. Ramani ikatoka mwaka 2014, na mwaka 2015 njia hizo zikaingia kwenye Google Maps. Hawakutumia fomula ya ajabu. Walipanda gari wakahesabu. Kitale, Kimilili, Chwele, Bungoma, Malakisi: njia hizi zinaweza kurekodiwa na vijana wachache wenye simu na nauli ya wikendi moja. Mimi nimeanza. Niliporudi kutoka mazishini niliacha simu inarekodi, kutoka Malakisi hadi Kitale. Haikuwa dakika 5. Ilikuwa saa tatu na robo, pamoja na dakika 40 za kungoja gari lijae Chwele. Hiyo ni safari moja tu, ya siku moja, na nitaiandika hivyo hivyo: safari moja, siku moja. Lakini ni safari iliyokuwepo.

Wiki iliyopita nilimwandikia yule mteja wangu wa zamani. Nilimwambia mstari ule ni wangu, ni mbaya, na nitaurekebisha bure. Mpaka leo hajajibu, na tovuti bado iko hewani, bado inagawanya kwa 800.

Binamu alirudi Uingereza Jumatano. Kabla hajaondoka tulimpeleka kaburini, akakaa peke yake muda mrefu. Sikumpima.

Ni hayo tu kwa leo. Kama wewe ni mtengenezaji programu na umewahi kuandika kitu cha namna hii, njoo ukiri hapa chini, hatutakucheka sana. Kama una rekodi ya safari ya matatu upande wa magharibi, niletee. Na kama unataka kunipinga, karibu pia, mradi uje na hesabu. Kazi kwenu!